Ombi la Ufafanuzi na Taarifa ya Kasoro: Uandishi wa Kikazi Katika Ujenzi

Mtahiniwa, ukikuta kwenye karatasi ya mtihani maneno "andika barua rasmi", usikimbilie kuomba kazi. Watahiniwa wengi wamekariri barua moja tu, ya kuomba ualimu au ukarani. Swali likibadilika kidogo, wanaomba kazi kwa mtu ambaye swali halikusema kuwa ana kazi ya kutoa. Somo hili linakupeleka mahali pengine, kwenye saiti ya ujenzi, ambako barua fupi ya maneno mia moja na hamsini inaweza kuamua kama linta itabeba paa au haitabeba. Tutajifunza maandishi mawili: ombi la ufafanuzi na taarifa ya kasoro. Mifano yetu ni ya mkoa wa Katavi, lakini kanuni ni zilezile hata kama shule yako iko Mtwara.

MAZINGIRA YA KAZI

Huwezi kuandika vizuri juu ya jambo usilolijua, kwa hiyo tuanze na jinsi madarasa yanavyojengwa.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi za msingi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Huenda wewe mwenyewe umesomea katika mojawapo.

Madarasa hayo hayakujengwa na makampuni makubwa. Yalijengwa kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti, yaani shule au halmashauri inasimamia ujenzi yenyewe. Shule inanunua saruji, nondo, mbao na bati. Fundi wa mtaani anapewa mkataba wa ufundi tu. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na ndani yake wamo walimu na wananchi wa kawaida. Mhandisi wa halmashauri ndiye mwenye ramani na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ubora.

Hapo ndipo uandishi unapoingia. Mhandisi ni mmoja na saiti ni nyingi. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Katika Wilaya ya Tanganyika pekee, mhandisi anayetoka Majalila anaweza kuwa na kazi Karema, kando ya ziwa, na nyingine Mishamo siku hiyohiyo. Mvua zikianza Novemba, barabara za udongo hugeuka tope. Fundi mwenye swali hawezi kumsubiri mhandisi asimame mbele yake. Anapiga simu, mtandao unakatika katikati ya sentensi, kisha anafanya anachodhani alikisikia.

Katika miradi mikubwa mambo ni tofauti kidogo. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilijengwa chini ya TANROADS kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika mradi wa aina hiyo mkandarasi huuliza kwa fomu yenye namba na hujibiwa kwa fomu. Shule ya kata haina fomu hizo. Ina karatasi, kalamu na mtu anayejua kuandika.

OMBI LA UFAFANUZI

Ombi la ufafanuzi ni barua inayouliza swali moja la kiufundi ambalo bila jibu lake kazi haiwezi kuendelea kwa usahihi. Huandikwa pale ambapo ramani haisemi, au ramani inasema jambo moja na mchanganuo wa vifaa unasema jingine, au hali ya saiti hailingani na ramani. Si malalamiko, wala si ombi la fedha, ingawa jibu lake linaweza kugusa fedha.

Chukua mfano huu. Shule inajenga madarasa mawili. Ramani inaonyesha kwamba linta ina nondo nne za milimita 12. Mchanganuo wa vifaa, ambao kamati ya manunuzi inautumia dukani, umeandika nondo 22 za milimita 10. Ni nani wa kufuatwa?

Mtu asiyejua atasema tofauti ni ndogo, milimita mbili tu. Hebu tupige hesabu. Nguvu ya nondo hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hutegemea kipenyo mara kipenyo. Kumi mara kumi ni 100. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Ukigawa 100 kwa 144 unapata takriban 0.69. Kwa hiyo anayeweka milimita 10 badala ya 12 ameondoa karibu theluthi moja ya chuma katika linta ile, na baada ya zege kumwagwa hakuna atakayeiona tofauti hiyo kwa macho. Hii ndiyo sababu swali linaulizwa kabla.

Sasa soma ujumbe huu, ambao ni wa aina inayotumwa kila siku:

"Shikamoo mhandisi, huku kuna shida ya nondo, hazieleweki, tunaomba utusaidie haraka maana kazi imesimama."

Heshima ipo. Haraka ipo. Lakini mhandisi hajui ni nondo za wapi, hazieleweki kwa namna gani, na haraka ni lini. Atajibu "fuateni ramani", na fundi hataweza kufuata ramani kwa sababu dukani zimenunuliwa za milimita 10. Linganisha na barua hii:

Shule ya Sekondari A,
S.L.P. 00,
MPANDA.
7 Novemba, 2022.

Kumb. Na. SSA/UJ/03

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya B,
(Aione: Mhandisi wa Ujenzi)

Ndugu,

YAH: OMBI LA UFAFANUZI NA. 3: KIPENYO CHA NONDO ZA LINTA, MADARASA MAWILI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Karatasi ya 4 ya ramani inaonyesha kuwa linta ya madarasa yote mawili itakuwa na nondo nne za milimita 12. Mchanganuo wa vifaa, kipengele cha 17, unataja nondo 22 za milimita 10 kwa kazi hiyohiyo. Nondo bado hazijanunuliwa.

Tunaomba kujua ni kipenyo kipi kitumike. Kwa maoni ya fundi mkuu, ramani ndiyo ifuatwe, na kama ni hivyo tunaomba pia idhini ya kubadili kipengele cha 17.

Linta imepangwa kumwagwa zege Ijumaa, tarehe 18 Novemba. Kusuka nondo kunahitaji siku mbili, na kununua na kusafirisha nondo kutoka Mpanda mjini kunahitaji siku nne. Tutashukuru kupata jibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Novemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(Saini)
Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi
Fundi Mkuu

Angalia barua hiyo kwa makini kabla hujaikariri. Aya ya kwanza inaonyesha mgongano kwa namba: karatasi ya 4, kipengele cha 17. Msomaji anaweza kufungua ramani na kuuona yeye mwenyewe. Kuna sentensi fupi, "Nondo bado hazijanunuliwa", ambayo watahiniwa wengi wangeiacha. Kwa mhandisi sentensi hiyo ni ya thamani, kwa sababu inamwambia kuwa bado ana uhuru wa kuchagua.

Aya ya pili ina swali moja. Halafu inatoa pendekezo. Watu wengi huogopa kupendekeza wakidhani ni kumfundisha mkubwa kazi. Sivyo. Anayependekeza amemrahisishia mwenzake, naye anaweza kujibu kwa neno moja: "Nimekubali." Mradi pendekezo liwe la adabu na liachie uamuzi kwa mwenye mamlaka.

Aya ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Haikusema "haraka iwezekanavyo". Imehesabu kurudi nyuma: zege ni tarehe 18, toa siku mbili za kusuka, toa siku nne za manunuzi na safari, unafika tarehe 12, ambayo ni Jumamosi, kwa hiyo jibu lihitajike Ijumaa, tarehe 11. Mtu aliyepewa sababu ya tarehe huiheshimu tarehe. Mtu aliyeambiwa "haraka" huiweka barua chini ya nyingine zilizoandikwa "haraka".

Na kwa nini jibu liwe kwa maandishi? Fikiria upande wa fundi. Mkataba wake ni wa ufundi tu. Ikiwa ameambiwa kwa simu aweke milimita 10, kisha miezi miwili baadaye mkaguzi akasema linta ibomolewe, gharama ya kubomoa na kusuka upya itamwangukia nani? Aliyetoa amri kwa simu anaweza kusahau. Fundi hana karatasi, na mke wake anasubiri malipo ya awamu ya pili. Kwa upande mwingine, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua fedha za umma kila mwaka, na anapokuta nondo za milimita 12 zimenunuliwa wakati mchanganuo unasema 10, mkuu wa shule atatakiwa aonyeshe nani aliruhusu. Barua hiyo ya nukta tatu, pamoja na jibu lake, inawalinda wote wawili.

Iwapo mhandisi amejibu kwa simu kwa sababu ya dharura, andika siku hiyohiyo: "Kwa kurejea mazungumzo yetu ya simu ya leo saa nne asubuhi, umeelekeza kuwa… Tutaendelea hivyo." Mtumie. Si jambo la kutomwamini, ni kumbukumbu.

DAFTARI LA MAOMBI

Hapa hatutakaa sana. Kila ombi hupewa namba na kuandikwa katika daftari lenye safu hizi: namba, tarehe ya kutuma, swali kwa ufupi, tarehe jibu linapohitajika, tarehe lilipopatikana, na jibu lenyewe. Daftari la kaunta la kawaida linatosha. Mwalimu mmoja wa kamati akilipitia kila Jumatatu, ataona ombi lililopitiliza tarehe. Ukiulizwa swali la kuchora jedwali la namna hiyo, usisahau safu ya tarehe jibu linapohitajika, kwani bila hiyo daftari linakuwa orodha tu.

TAARIFA YA KASORO

Ombi la ufafanuzi hutangulia kazi. Taarifa ya kasoro hufuata kazi iliyokwisha fanyika lakini haikukidhi ramani au vigezo.

Zege ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu makosa yake yanajulikana. Uwiano unaotumika sana katika majengo ya kawaida ni 1:2:4: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo mafundi wenye nidhamu hutengeneza boksi la mbao lenye ujazo huo na kupimia mchanga na kokoto. Wasio na nidhamu hupimia kwa koleo, na koleo la asubuhi si sawa na koleo la saa tisa mchana mtu akiwa amechoka. Maji yakizidi, zege huteleza vizuri na kumwagika kwa urahisi, lakini likikauka huacha vitundu vidogovidogo na kuwa dhaifu. Lisiposindiliwa, hubaki na mapengo kama sega la nyuki. Lisipomwagiliwa walau siku saba, hukauka kabla saruji haijamaliza kazi yake. Ndiyo maana katika miradi mikubwa hutengenezwa vipande vya mraba vya zege na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili kupima nguvu.

Tuendelee na shule yetu A. Nondo zilijibiwa vizuri, milimita 12 zikawekwa, zege likamwagwa tarehe 18. Mbao zilipoondolewa, juu ya mlango wa darasa la pili kukaonekana pengo lenye urefu wa sentimita 40, na ndani yake nondo mbili zinaonekana wazi.

Jaribu hapa ni kubwa. Fundi anaweza kulifunika pengo kwa lipu kwa nusu saa, na wiki ijayo ukuta utakuwa laini na mweupe. Lakini nondo isiyozungukwa na zege haishikamani nalo, na unyevu ukiifikia huota kutu, hutanuka, na kupasua zege kutoka ndani. Majengo yanaanguka katika nchi yetu. Mwaka 2013 liliporomoka ghorofa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Mara zote mbili watu walikufa. Sisemi kwamba chanzo cha majengo hayo kilikuwa pengo la zege. Ninachosema ni kwamba jengo halijui kama ni la ghorofa au la kijijini.

Taarifa ya kasoro iandikwe hivi:

TAARIFA YA KASORO NA. 1

Tarehe ilipoonekana: 21 Novemba, 2022, saa 2:30 asubuhi.
Mahali: Darasa la pili, linta juu ya mlango, upande wa ndani.
Kilichoonekana: Pengo lenye urefu wa sentimita 40 na kina cha sentimita 5. Nondo mbili za chini zinaonekana. Picha mbili zimepigwa.
Kinachotakiwa: Ramani, karatasi ya 4, inataka nondo zote zifunikwe kwa zege lisilopungua milimita 25.
Hatua ya haraka: Upigaji lipu na upandishaji wa kenchi juu ya ukuta huo umesimamishwa. Nguzo za mbao chini ya linta zimerudishwa.
Sababu inayodhaniwa: Zege halikusindiliwa vya kutosha karibu na mlango, ambako nondo zimesongamana.
Uamuzi wa mhandisi: …………
Kazi imerekebishwa na kukaguliwa na: ………… Tarehe: …………

Zingatia kwamba "kilichoonekana" na "kinachotakiwa" vimetenganishwa. Kasoro ni umbali kati ya vitu hivyo viwili. Mwandishi anayesema tu "linta ni mbovu" hajaeleza umbali huo, na fundi atabisha, na ubishi utachukua siku nzima. Anayesema "sentimita 5 kwenda ndani, ramani inataka nondo zifunikwe" amemaliza ubishi.

Zingatia pia neno "inayodhaniwa". Aliyeandika hakuwepo zege liliposindiliwa. Hakumtaja kibarua yeyote kwa jina. Taarifa ya kasoro hueleza hali ya kazi. Mambo ya nidhamu ya watu yana barua yake na kikao chake. Shule ambayo taarifa zake za kasoro zinageuka hati za mashtaka itagundua kwamba mafundi wake wanaanza kuficha mapengo.

Uamuzi wa mhandisi unaweza kuwa wa aina tatu. Anaweza kuagiza sehemu hiyo itobolewe hadi kwenye zege zima, isafishwe na kujazwa upya kwa mchanganyiko atakaoutaja. Anaweza kuagiza linta ibomolewe. Au, baada ya kupima, anaweza kukubali ibaki kama ilivyo na kueleza kwa nini. Huo wa tatu ni halali, ila ni wa mhandisi peke yake. Mwenyekiti wa kamati hana mamlaka ya kusema "acheni tu".

Nafasi ya mwisho, ya ukaguzi baada ya marekebisho, ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi zaidi. Watu wanarekebisha, wanafurahi, wanaendelea. Taarifa isiyofungwa ina maana moja tu kwa anayeisoma mwaka ujao: pengo bado lipo.

LUGHA YA MAANDISHI HAYA

Tumia namba na vipimo badala ya sifa. "Ukuta umeinama kwa sentimita 3 katika urefu wa mita 3" unasema zaidi ya "ukuta umeinama sana". Tumia maneno ambayo fundi anayajua: timazi, pima maji, kenchi, linta, jamvi, lipu. Usiseme "kifaa cha kupimia wima" kana kwamba timazi ni neno la aibu. Epuka methali na tamathali za semi katika barua hizi. Zihifadhi kwa insha. Sentensi za kutendwa, kama "zege lilimwagwa" na "nondo zilisukwa", zinafaa unapoeleza hali ya kazi, lakini unapotoa ahadi taja mtenda: "Kamati itanunua", "fundi mkuu atarudisha nguzo". Ahadi isiyo na mtenda haitekelezwi na mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Wewe ni katibu wa kamati ya ujenzi katika shule yenu. Ramani inaonyesha madirisha manne kwa kila darasa, lakini fremu zilizoletwa na kupokelewa ni sita kwa madarasa mawili. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Andika ombi la ufafanuzi kwa mhandisi wa halmashauri. (Dokezo: kabla ya kuandika, jiulize kama hili ni swali la ramani au ni kosa la kuagiza. Kama ni kosa la kuagiza, barua si ya mhandisi.)

2. Soma maelezo haya kisha yaandike upya kama taarifa ya kasoro: "Jamvi la darasa la kwanza limepasukapasuka kila mahali kwa sababu vibarua ni wavivu hawakumwagilia maji na jua la Mpanda ni kali, tunaomba wasilipwe." Ongeza vipimo vya kubuni panapohitajika, na ondoa yasiyostahili kuwemo.

3. Jibu la ombi lenu limechelewa kwa siku tano na fundi anataka kuendelea. Andika barua ya kukumbusha isiyozidi maneno 120. Taja namba ya ombi la awali, tarehe mliyoiomba, na kazi gani imesimama na gani inaendelea.

4. "Kuandika kila kitu ni kupoteza muda wa kazi." Jadili kauli hii ukitumia mifano mitatu kutoka katika saiti ya ujenzi unayoifahamu.